Gede: Anayelinda Kuta na Kuutelekeza Msitu Hajalinda Turathi

Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikutana New Delhi na kuuandika mji wa kale wa Gede katika orodha ya UNESCO. Hapo ndipo mahali pa 8 nchini Kenya kupata hadhi hiyo. Waliofanya kazi ya kuipata wanastahili pongezi. Lakini kuandikwa katika orodha hiyo ni kukabidhiwa dhamana. Kilichoandikwa ni mji: misikiti, kasri, makaburi ya nguzo, visima, na kuta za matumbawe na chokaa. Msitu uliousitiri mji huo kwa karne kadhaa, pamoja na viumbe wanaoishi ndani yake, haukuwa sababu ya kuandikwa. Watunzaji wa Gede wasilifanye pengo hilo kuwa ruhusa ya kuusahau.

Msimamo wa gazeti hili ni huu: aliyekabidhiwa magofu amekabidhiwa pia uhai uliomo, na atatoa hesabu ya vyote viwili. Mpaka leo hesabu inayodaiwa hadharani ni ya mawe peke yake. Ukuta ukianguka, lawama hutolewa na fedha hutafutwa. Ndege akitoweka katika eneo hilohilo, hakuna anayeulizwa, kwa sababu hakuna aliyeandikwa kuwa msimamizi wake. Hali hiyo haina utetezi, na marekebisho yake hayahitaji sheria mpya.

Historia ya Gede yenyewe inaufuta mpaka uliochorwa kati ya magofu na msitu. Mji huo ulistawi hasa katika karne ya 15 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Watu walipoondoka, miti ilirudi. Mibuyu na mifune ilimea ndani ya nyua, na mji ukabaki chini ya kivuli wakati ardhi nyingi ya pwani ikifyekwa kwa mashamba na makazi. Ulitangazwa mahali pa kihistoria mwaka 1927. Mwaka 1948, mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimbua, eneo hilo liliwekwa chini ya mamlaka ya mbuga za taifa, na lilikaa huko hadi lilipohamishiwa Makumbusho ya Taifa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa takriban miongo miwili, basi, Gede ilitunzwa na waliotunza wanyamapori. Kuhamishwa kwake kulibadilisha jina la msimamizi. Msitu haukupungukiwa na thamani kwa sababu ofisi imebadilika.

Thamani hiyo si ya mapambo. Gede iko karibu na Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420 na mabaki makubwa kuliko yote ya msitu wa nyanda za pwani ya Kenya. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960. Humo pia ndimo ngome kuu ya sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa takriban nusu kilo anayepatikana katika pwani ya Kenya pekee na aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Sange huyo yumo Gede pia. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu maisha yake yalitokana na uchunguzi wa mtafiti Galen Rathbun, aliyewafuatilia katika magofu hayo miaka ya 1970 na kuonyesha kwamba dume na jike huishi katika eneo moja na kulilinda. Magofu ya Waswahili yakawa maabara ya elimu ya wanyama. Taifa linalojivunia kasri la Gede lina kila sababu ya kujivunia hilo pia.

Tena uhai huo hauishii kwenye ukuta wa nje wa mji. Popo wanaonyonya maua ya mibuyu usiku ndio wanaoichavusha. Kima hula matunda na kutawanya mbegu. Nyuki na vipepeo wanaozaliana msituni huingia katika mashamba ya jirani. Ukikata kiungo kimoja, kinachofuata hulegea, na hasara humfikia mkulima ambaye hajawahi kulipa kiingilio kuyaona magofu hayo.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga inajulikana, na ina ukweli ndani yake: mizizi hubomoa. Mtini mwitu ukiota juu ya ukuta wa matumbawe huingiza mizizi katika chokaa, huipasua, na mwisho huubeba ukuta wenyewe. Hakuna mhifadhi mwenye akili anayetaka mti kama huo uachwe juu ya mihrabu. Lakini ukweli huo umetumiwa kuhalalisha jambo pana kuliko unavyoruhusu. Kuwapo kwa mti mmoja wenye madhara hakuufanyi msitu mzima kuwa adui. Kivuli cha miti mikubwa huupunguzia ukuta jua kali la mchana. Majani yaliyoanguka hupunguza nguvu ya mvua ya masika na kuzuia udongo usisombwe kutoka kwenye misingi. Sehemu ya mji wa Gede ambayo haijachimbuliwa imo chini ya msitu, na kuufyeka huko ni kuifungulia njia mvua, jua na nyayo za watu kabla mwanaakiolojia hajafika.

Wenye magofu mengi kuliko sisi wamelazimika kulichunguza suala hili badala ya kulikisia. Uingereza, shirika la English Heritage lilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford kupima athari za mimea itambaayo na za nyasi zinazooteshwa juu ya vichwa vya kuta zilizobomoka. Ilionekana kwamba mahali pengine mimea hiyo huukinga ukuta dhidi ya mabadiliko makali ya joto na unyevu, na mahali pengine huudhuru, kutegemea aina ya mmea na hali ya ukuta. Matokeo ya nchi ya baridi hayawezi kuhamishiwa Kilifi, kaunti iliko Gede, kama yalivyo. Kinachoweza kuhamishwa ni nidhamu: pima kwanza, kisha uamue, ukuta kwa ukuta na mti kwa mti.

Kilwa imetoa somo la aina hiyo hapa hapa pwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014. Moja ya hatari ilikuwa bahari yenyewe: mawimbi yaliyokuwa yakila ufuo na misingi ya majengo yaliyo karibu na maji, ngome iitwayo Gereza ikiwa mfano ulio wazi. Kazi ya kuokoa ilihusisha mafundi wa chokaa na mawe, na pia upandaji wa mikoko. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi, huushika udongo, na kuwapa samaki na kaa mahali pa kuzaliana. Mti mmoja hufanya kazi ya mhandisi, ya mvuvi na ya mhifadhi wa mambo ya kale. Mtu anayeendelea kusema kwamba viumbe na magofu ni mafungu mawili ya bajeti yasiyohusiana aeleze ni fungu gani lililoikoa Kilwa.

Hoja ya pili ni ya mipaka ya ofisi: wanyama ni kazi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, miti ni kazi ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kazi ya Makumbusho ni mambo ya kale. Hoja hii ni dhaifu kisheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inazitaja turathi za asili sambamba na za utamaduni, ikijumuisha makazi ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuzitaja kwa jina kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ilinde bayoanuwai na kufikisha eneo lenye miti kuwa angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1991, uliweka utamaduni na maumbile chini ya paa moja kwa makusudi. Wajibu umeandikwa mara tatu. Kilichokosekana ni jina la afisa atakayeulizwa.

Wala kuhamisha magofu kutoka ofisi moja hadi nyingine si dawa. Tanzania, katika miaka ya karibuni, imeweka magofu ya Kilwa chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo chini ya wakala wa misitu, TFS. Uamuzi huo una mantiki ya mapato na ulinzi, na unaweza kuwapa viumbe mtetezi aliye karibu. Lakini unazaa swali lilelile kutoka upande wa pili: je, askari wa wanyamapori anajua kuchanganya chokaa? Ofisi yoyote itakayopewa mahali pa kale italeta macho ya kazi yake. Kinachotakiwa ni mpango mmoja wenye sahihi za wahusika wote, ulio na malengo yanayopimika na adhabu kwa asiyetimiza. Bila huo, kuhamisha ofisi ni kuhamisha uzembe.

Mfano mchungu zaidi uko katika kaya za Wamijikenda. UNESCO iliziandika mwaka 2008: misitu kadhaa iliyotawanyika katika takriban kilomita 200 za pwani, yenye mabaki ya vijiji vilivyozungushiwa ngome, vilivyoanzishwa tangu karne ya 16 na kuachwa kufikia miaka ya 1940. Zipo kaya nyingine nyingi nje ya orodha hiyo. Kilichohifadhiwa humo hakikuhifadhiwa na serikali. Kilihifadhiwa na wazee, kwa miiko ya kutokata mti, kutochunga mifugo na kutoingia bila idhini. Wataalamu wa mimea walipozikagua kaya mwishoni mwa karne iliyopita, walikuta spishi adimu ambazo zimeangamia mahali pengine. Huo ni ushahidi kwamba watu wa pwani walijua kulinda mahali patakatifu na uhai wake kwa kanuni moja, kabla hapajakuwapo wizara ya lolote kati ya hayo mawili.

Serikali iliukuta mfumo unaofanya kazi, ikautambua kwa karatasi na kuuacha upungue nguvu. Kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani kiliundwa ndani ya Makumbusho ya Taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kazi yake iliheshimika. Lakini kaya zimeendelea kumegwa na mashamba, ujenzi, uchimbaji wa mawe na ukataji wa miti ya nguzo na makaa. Mamlaka ya wazee yamedhoofika, na Kilifi imeshuhudia wazee wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Jamii inayowaua wazee wake huku ikiwaachia wazee haohao ulinzi wa msitu peke yao haina mlinzi. Polisi wanaoshindwa kuwafikisha wauaji mahakamani wanachangia kufyekwa kwa kaya kama mwenye shoka.

Kwa hiyo uamuzi wa nani anatunza nini haubaki katika hotuba tu. Katika magofu, uhai huamuliwa kila asubuhi na fagio na panga. Sange hujenga viota vyake kwa majani makavu juu ya ardhi, na hula wadudu wanaoishi chini ya majani hayo. Fagio linapotoka nje ya njia na kufagia sakafu ya msitu ili ionekane safi, linaondoa nyumba na chakula cha mnyama aliye hatarini. Panga linalosafisha vichaka katika miezi ambayo ndege wanataga huharibu kizazi cha mwaka mzima kwa siku moja. Hakuna mfanyakazi wa kulaumiwa kwa hilo ikiwa hajaelezwa. Wa kulaumiwa ni mkuu aliyempa fagio bila maelekezo.

Vivyo hivyo kwa kima wa Gede. Wamezoea kupokea ndizi mikononi mwa wageni, na picha zao zimekuwa sehemu ya kivutio. Desturi hiyo haifai. Kima anayelishwa na watu huacha kazi ya kutafuta matunda na kutawanya mbegu, hubadilika kuwa mkali, hubadilishana magonjwa na binadamu, na mwisho huvamia mashamba na jikoni za majirani, ambako hupigwa mawe au kutegewa sumu. Katika mbuga za taifa, kulisha wanyama ni marufuku. Hakuna sababu ya marufuku hiyo kukomea kwenye lango la magofu. Wanaojipatia riziki kwa kuuza ndizi hizo wapewe kazi nyingine mahali hapo. Kazi zipo.

Wageni wasiotakiwa wako pia upande wa mimea na ndege. Mwarobaini ni mti unaoheshimika kwa tiba katika nyumba nyingi za pwani, na uwanjani mwa mtu hauna ubaya. Ndani ya msitu wa asili ni mvamizi: hutoa mbegu nyingi, ndege huzitawanya, na miche yake huibana ile ya kienyeji. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani nzima, hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 KWS ilitangaza nia ya kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kampeni ya namna hiyo haitafaulu huku majaa ya takataka yakiendelea kuwalisha, yakiwemo yaliyo karibu na maeneo ya watalii. Jaa lililo wazi karibu na magofu ni kosa la kaunti, na kaunti iulizwe.

Hoja ya tatu, ambayo haisemwi hadharani, ni kwamba viumbe hawaleti fedha. Gede yenyewe inaikanusha. Ndani ya eneo la magofu hayo uko mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakati huo wengi wa waliopakana na Arabuko-Sokoke waliutazama msitu kama ardhi waliyonyimwa, na walitaka ugawiwe kuwa mashamba. Mradi ukawafundisha wakulima kufuga viwavi, na pupa wao wakanunuliwa na kuuzwa kwa mabanda ya maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mkulima akaanza kupata kipato ambacho kinategemea msitu kuwa hai, na mtazamo ukabadilika. Mahali pa kale palikuwa soko, darasa na kituo cha uhifadhi kwa wakati mmoja. Mfano uliozaliwa hapo umeigwa Tanzania, katika milima ya Usambara Mashariki. Kwamba miaka zaidi ya 30 baadaye mfano huo haujawa utaratibu wa kawaida katika magofu na kaya nyingine za pwani ni upungufu wa uongozi.

Usambara imetoa onyo pia. Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, wafugaji wa vipepeo waliingizwa katika katazo lililolenga biashara tofauti kabisa, na kipato chao kikakatika. Sera inayoandikwa bila kumwangalia mkulima aliye ukingoni mwa msitu humgeuza mlinzi kuwa mhanga. Wanaotunga kanuni Nairobi na Dodoma walizingatie hilo kabla ya kutia sahihi.

Kuna pia hesabu ya kimataifa. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030. Makubaliano hayo yanaruhusu kuhesabiwa maeneo ambayo si mbuga wala hifadhi za misitu, mradi yathibitishwe kwamba yanalinda viumbe kwa ufanisi. Magofu yenye misitu na kaya zinaweza kuingia katika hesabu hiyo. Lakini neno lenye uzito hapo ni kuthibitishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi isiyoweza kusema ni viumbe gani wanaishi katika turathi zake, wangapi, na kama wanaongezeka au wanapungua, haina cha kuthibitisha.

Hatua zinazotakiwa zinajulikana. Ya kwanza ni daftari lenyewe. Makumbusho ya Taifa, ambayo tayari ina wataalamu wa mimea, ndege, wadudu na wanyama wadogo chini ya paa lake, iwatume Gede na katika kaya kufanya orodha kamili ya viumbe. Matokeo yachapishwe kila mwaka, kwa Kiswahili, na kubandikwa langoni ili jirani na mgeni wayasome. Taasisi yenye wataalamu hao haiwezi kujitetea kwamba haina uwezo.

Ya pili ni mpango mmoja kwa kila eneo, uliotiwa sahihi na Makumbusho, KWS, KFS, Serikali ya Kaunti na wawakilishi wa jamii, wenye jina la afisa mmoja anayewajibika. Mpango huo ueleze mambo madogo kwa uwazi uleule wa makubwa: wapi pa kufagia na wapi pa kuacha majani, miezi ya kufyeka na miezi ya kutofyeka, dawa zipi za magugu zimepigwa marufuku, miti ipi iliyo juu ya kuta iondolewe na kwa njia gani. Uamuzi wa kukata mti wowote mkubwa utolewe na mwanaakiolojia na mtaalamu wa mimea kwa pamoja, na uandikwe. Ulishaji wa kima ukome mara moja.

Ya tatu ni ardhi inayozunguka. Gede haiwezi kuwa kisiwa. Sange, ndege na vipepeo wanahitaji njia ya miti kati ya magofu na Arabuko-Sokoke, na njia hiyo inazidi kuzibwa na viwanja na majengo. Serikali ya Kaunti ya Kilifi ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi. Iainishe ukanda wa kinga kwenye ramani, iutangaze, na ikatae kila ombi litakaloukata. Kupanda miche ya kienyeji kando ya mashamba, kutokana na mbegu zilizookotwa katika msitu wenyewe, kunaweza kuanza msimu ujao wa mvua. Shule na vikundi vya wanawake vyenye vitalu vilipwe kwa kazi hiyo, visiombwe kujitolea.

Ya nne ni fedha. Sehemu ya kiingilio cha kila mgeni itengwe kwa ajili ya viumbe na jamii jirani, kiwango chake kitajwe hadharani, na matumizi yake yakaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kama matumizi mengine yote. Walinzi, waongozaji wa wageni na wahesabu wa viumbe waajiriwe kwanza kutoka vijiji vinavyopakana na eneo. Wazee wa kaya wapewe nafasi yenye mamlaka ndani ya kamati za usimamizi, pamoja na ulinzi wa polisi wanapotishiwa.

Ya tano ni Bunge. Kamati zinazosimamia utamaduni na mazingira ziwaite wakuu wa taasisi hizi kwa pamoja, katika kikao kimoja, ili asiwepo wa kumtupia mwenzake mpira. Ziwaulize maswali matatu: nani anawajibika kwa viumbe wa Gede, hali yao ikoje, na mwaka huu imetumika shilingi ngapi. Afisa asiye na majibu asipewe muda wa pili bila sababu iliyoandikwa.

Umma nao una sehemu yake. Anayenunua nguzo zilizokatwa katika kaya, anayetupa taka kando ya magofu, na mgeni anayemshikisha kima ndizi ili apige picha ni washiriki katika hasara. Sheria iwaguse wote. Lakini haiwezekani kumtaka raia aheshimu msitu ambao msimamizi wake halali hajautaja katika ripoti yake hata mara moja.

Hadhi ya Urithi wa Dunia huambatana na ripoti za mara kwa mara kwa UNESCO kuhusu hali ya mahali palipoandikwa. Ripoti ya kwanza ya Gede isiishie kwenye nyufa za kuta na idadi ya wageni. Iwe na orodha ya viumbe, jina la msimamizi wao na hesabu ya fedha zao. Ikikosa hayo, Waziri anayehusika na turathi asiitie sahihi, na wakuu wa Makumbusho, KWS na KFS waeleze mbele ya Bunge kwa nini bado wako ofisini.